Archie Scott Brown: Dereva asiye na kiganja cha kulia aliyewakimbiza vigogo kwa gari la karakana

Ukimtazama kwenye picha za zamani akiwa ameketi ndani ya gari, huoni kitu cha ajabu. Kijana mwenye masharubu, ana tabasamu, kofia ngumu kichwani. Shuka chini kidogo uangalie mikono kwenye usukani. Wa kushoto uko sawa. Wa kulia unaishia njiani.

Huyo ndiye Archie Scott Brown, Mskoti aliyezaliwa mjini Paisley tarehe 13 Mei 1927. Mama yake aliugua rubela akiwa mjamzito, na mtoto akazaliwa na ulemavu mkubwa: mkono wa kulia mfupi usio na kiganja kamili, na miguu iliyopinda vibaya kiasi kwamba ilikuwa mashaka kama angetembea. Inaelezwa alifanyiwa upasuaji mara 22 kabla miguu haijaanza kumbeba. Alipokua mtu mzima, urefu wake ulikuwa kama futi 5 tu, yaani kwenye sentimita 152.

Miaka 30 baadaye, mwaka 1957, jamaa huyo huyo alishinda mbio 11 kati ya 14 nchini Uingereza. Na gari alilotumia halikutoka kwenye kiwanda kikubwa. Lilijengwa kwenye karakana ya familia moja iliyokuwa inajulikana zaidi kwa kutengeneza mageti ya chuma.

Gari dogo la baba

Baba yake alipenda magari, na hilo lilimpitia mwanaye. Archie akiwa bado mtoto alitengenezewa kigari kidogo chenye injini ya mashine ya kukatia majani. Wengine tungeona ni mchezo wa kumfariji mtoto mgonjwa, lakini ukweli ni kwamba kilimfundisha kitu ambacho hakuna shule ingemfundisha: jinsi ya kuendesha kwa mwili alionao yeye, na si kwa mwili wa mtu mwingine.

Alipomaliza shule akapata kazi ya kuuza tumbaku. Kazi yenyewe ilikuwa ya kuzunguka na gari mji hadi mji, na akaweka makazi Cambridge. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 akaanza kushiriki mbio ndogo za klabu akiwa na MG, gari la kawaida ambalo kijana yeyote mwenye mshahara wa kubanabana angeweza kulimudu.

Hapo ndipo watu walipoanza kuulizana. Gari lilikuwa la kawaida. Dereva ndiye hakuwa wa kawaida.

Usukani kulia, gia kushoto

Swali la kwanza la kila mtu ni lile lile. Anaendeshaje?

Msomaji wa Dar, Nairobi au Kampala ataelewa haraka kuliko Mmarekani. Uingereza, kama kwetu, usukani uko kulia na gia ziko kushoto. Kwa Archie hiyo ilikuwa bahati kubwa. Mkono wa kulia, ule mfupi, ulibaki kwenye usukani ukiushikilia kwa kuukandamiza, na wa kushoto ukawa huru kubadilisha gia. Angezaliwa kwenye nchi ya usukani wa kushoto, kama Burundi au Kongo, gia zingekuwa upande ule ule ambao hana kiganja, na pengine leo tusingekuwa na habari ya kuandika.

Kwa miguu nako kulikuwa na kazi. Klachi, breki na mafuta zinahitaji miguu inayofika, tena yenye nguvu, kwa sababu magari ya mbio ya enzi zile hayakuwa na vitu vya kumsaidia dereva. Usukani ulikuwa mzito na breki zilitaka mguu wa maana.

Waliomwona wanakubaliana jambo moja: gari lilipoanza kuteleza kwa nyuma, hakuwa na papara. Aliliacha liteleze, akalirudisha taratibu. Mabega ndiyo yaliyofanya kazi kubwa. Juan Manuel Fangio, Muargentina aliyetwaa ubingwa wa dunia mara tano, alikuwa miongoni mwa waliomsifu kwa jinsi alivyolimudu gari. Sifa ya Fangio siyo ya kupuuza.

Rafiki mwenye karakana

Cambridge ndiko alikokutana na Brian Lister, kijana aliyemzidi umri kwa miezi 10 tu. Familia ya Lister ilikuwa na kampuni ya uhandisi, George Lister and Sons, iliyoanzishwa na babu na kusifika kwa kazi za chuma cha kunakshi.

Tuweke jambo moja sawa hapa. Jina Lister linajulikana sana Afrika Mashariki kwa sababu ya zile injini za dizeli za mashine za kusaga na pampu za maji. Hiyo ni kampuni nyingine kabisa, ya mji wa Dursley. Lister wa Cambridge hahusiani nayo.

Brian mwenyewe alikuwa dereva wa mbio, siyo mtengenezaji tu. Alikuwa na gari jepesi lililojengwa na John Tojeiro, limefungwa injini ya JAP ya silinda mbili. Lilikuwa gari la hasira, na Brian hakulimudu vizuri. Akamwachia Archie ajaribu. Archie alikuwa na kasi kuliko mwenye gari.

Wapo watu wengi ambao jambo kama hilo lingewauma moyoni. Brian alifanya hesabu nyingine. Aliacha kuendesha, akambembeleza baba yake atoe fedha za kampuni, na akaanza kujenga gari lake mwenyewe. Dereva alishajulikana kabla hata bomba la kwanza halijakatwa.

Na hilo ndilo lenye uzito kwenye habari hii yote.

Gari linapomfuata mtu

Gari la dukani limetengenezwa kwa ajili ya mtu wa wastani. Huyo mtu wa wastani wala hayupo, ila viwanda vinamwamini. Ukiwa mrefu sana magoti yanagonga usukani na kichwa kinagusa paa. Ukiwa mfupi sana pedali ziko mbali na boneti inakuziba macho.

Kwenye mbio za magari, tatizo linalosikika zaidi ni la madereva warefu. Mholanzi Carel Godin de Beaufort, pande la mtu, alizoea kuendesha Porsche yake bila viatu kwa sababu miguu haikutosha chini. Mmarekani Dan Gurney, aliyezidi futi 6, aliwapa Ford kazi mwaka 1967: gari la kwenda Le Mans lilikuwa na paa la chini mno kwake, basi mafundi wakaliinua paa sehemu moja tu, uvimbe kama bakuli juu ya kofia yake. Akashinda mbio zile akiwa na A. J. Foyt.

Archie alikuwa upande wa pili wa tatizo lile lile. Yeye hakuhitaji paa liinuliwe. Alihitaji kiti kinachomweka karibu na kazi yake, pedali zinazofikika, na usukani ambao mkono mmoja na kipande cha wa pili vingeweza kuutawala.

Karakana ndogo ina faida hapo. Kiwandani, kiti kikishachorwa kimechorwa. Kwa Lister, dereva angeweza kuja jioni, akakaa ndani ya fremu tupu isiyo na bodi, akanyoosha miguu, na fundi akaona kwa macho yake pedali ikae wapi. Kuhamisha kipande ambacho hakijachomelewa ni kazi ya dakika chache. Kukihamisha baada ya kuchomelewa ni kazi ya siku nzima na matusi juu.

Chesisi yenyewe ilikuwa rahisi: mabomba mawili manene ya chuma yanayotanuka katikati, ili dereva akae kati yake na siyo juu yake. Kwa hiyo gari lilikuwa chini na uzito wake ulikuwa chini pia. Injini hawakutengeneza. Walinunua za watu wengine, na fundi Don Moore akazifanyia kazi hadi zikatoa nguvu ya kutosha.

Gari la kwanza, la mwaka 1954, lilikuwa na injini ya MG. Mwanzoni mwa Aprili mwaka huo lilipelekwa Snetterton. Likashinda siku ile ile.

Siku ya aibu Oulton Park

Sherehe haikudumu. Siku chache baadaye, mwezi huo huo wa Aprili, timu ilienda Oulton Park kushiriki mbio za British Empire Trophy. Hizo zilikuwa mbio kubwa, na kukiwa na kombe kubwa watu huanza kuchunguzana.

Malalamiko yakapelekwa kwa wasimamizi. Hayakuhusu injini wala uzito wa gari. Yalihusu mwili wa dereva: mtu asiye na kiganja cha kulia anaruhusiwaje kuendesha kwa kasi ile katikati ya wenzake?

Wasimamizi wakamwita, wakamtazama, wakamzuia. Leseni yake ya mbio ikaondolewa.

Tuwe wa haki kidogo kwa wale wasimamizi. Miaka ile watu walikufa kwenye mbio karibu kila mwezi, na hofu ya ajali haikuwa ya kubuni. Lakini Archie alikuwa ameshindana kwa misimu kadhaa, na leseni alipewa na watu hao hao. Hakuna aliyelalamika alipokuwa anamaliza nyuma. Wakati gani waligundua mkono haupo? Alipoanza kushinda.

Brian alibaki na gari lililojengwa kwa ajili ya mtu ambaye haruhusiwi kulikalia.

Kilichofuata kilikuwa kampeni. Waandishi wa habari za magari walimtetea kurasani, na wakongwe wa mchezo wakasema waziwazi kwamba uamuzi haukuwa sawa. Hoja yao ilikuwa nyepesi: mpimeni anavyoendesha, msimpime kwa anavyoonekana. Baada ya miezi michache leseni ikarudi.

Mwezi Julai 1954, Silverstone, kwenye wikiendi ya British Grand Prix, Archie akaingia na Lister mpya yenye injini ya Bristol ya lita 2. Akaongoza daraja la magari ya ukubwa wake na kumaliza wa 5 kwa jumla, mbele ya magari kadhaa yenye injini kubwa kuliko yake.

Mwaka mmoja baadaye alirudi Oulton Park, kwenye mbio zile zile za British Empire Trophy walikomfukuza. Akalichukua kombe.

Milango mingine iliyofungwa

Mwaka 1956 alipata nafasi ya Formula One na timu ya Connaught. British Grand Prix, Silverstone, mbele ya watu wa kwao. Gari lilimwangusha: tatizo la gurudumu lilimtoa mapema. Hiyo ndiyo Grand Prix pekee ya ubingwa wa dunia aliyowahi kuanza.

Ingeweza kuwa ya pili, kule Monza, Italia, mwaka huo huo. Waandaaji wakamkataa kwa sababu ya ulemavu. Leseni ya Uingereza anayo, matokeo anayo, ila mlango wa Italia haukufunguka.

Ndiyo maana mashabiki wa leo wakifungua rekodi za Formula One wanaona mstari mmoja tu: mbio 1, pointi 0. Rekodi hiyo haisemi uongo, lakini haisemi chochote pia.

Nguvu yake ilikuwa kwenye magari ya spoti, na huko Lister walikuwa wanapanda ngazi. Mwaka 1957 Brian akafunga injini ya Jaguar D-Type, lita 3.4, nguvu farasi kama 250, kwenye gari jepesi kuliko Jaguar lenyewe. Ndipo likaja lile balaa la ushindi 11 kati ya mbio 14, ikiwemo British Empire Trophy kwa mara ya pili. Timu kubwa kama Aston Martin, zenye kiwanda na wahandisi wa kulipwa, zilijikuta zikifukuza gari la watu wachache wa Cambridge lenye dereva wa futi 5.

Januari 1958 alivuka bahari hadi New Zealand na kushinda Lady Wigram Trophy. Jaguar sasa walikuwa wanashirikiana na Lister kwa sababu wao wenyewe walikuwa wamejitoa kwenye mbio.

Gari la mwaka 1958 lilipewa jina la utani, Knobbly, kwa sababu ya mabonge yake. Sheria mpya zilitaka kioo cha mbele kirefu. Kioo kirefu kinakamata upepo na kupunguza kasi. Brian akapata mwanya: urefu wa kioo ulipimwa kuanzia pale bodi inapoishia mbele ya dereva. Akaishusha bodi sehemu hiyo, akaiacha injini itokeze juu kama nundu, na matairi yakafunikwa na nundu zake. Kioo kikawa kirefu kwenye karatasi na kifupi mbele ya upepo. Linaonekana kama gari lililojaa misuli, na hadi leo ni moja ya sura zinazotambulika haraka kwenye historia ya mbio.

Mwezi Machi 1958 walilipeleka Sebring, Marekani. Mbio hazikuchukua muda. Lister ilipopunguza mwendo, Ferrari ya Olivier Gendebien ikaja nyuma na kupanda juu yake, kweli kweli kupanda, gurudumu likafika usawa wa dereva. Archie alishuka na alama ya tairi begani. Mzima.

Spa, mvua na nguzo

Tarehe 18 Mei 1958, siku tano baada ya kutimiza miaka 31, alikuwa Spa-Francorchamps, Ubelgiji. Spa ya wakati ule siyo hii ya kwenye televisheni. Ilikuwa ni barabara za kawaida za vijijini, kilomita 14 kwa mzunguko, zenye miti, nyumba na nguzo za alama kandokando. Na mvua ya Spa ina tabia yake: inaweza kunyesha kona moja huku kona nyingine ni kavu.

Mpinzani wake siku hiyo alikuwa Mmarekani Masten Gregory, naye kwenye Lister-Jaguar, ya timu ya Ecurie Ecosse. Magari mawili ya karakana moja yakaanza kupokezana uongozi. Waliokuwepo walieleza kuwa walikuwa wanasukumana kwa kasi ya kutisha tangu mwanzo, kila mmoja akikataa kukaa nyuma.

Kwenye mzunguko wa 6 kipande kimoja cha barabara kilikuwa kimelowa. Archie alifika kwa kasi, gari likateleza. Karibu na mnara wa kumbukumbu wa Richard Seaman, Mwingereza aliyepata ajali mahali hapo mwaka 1939 na kufa kwa majeraha ya moto, Lister iligonga nguzo ya alama ya barabarani. Usukani na magurudumu ya mbele havikuwa na mawasiliano tena. Gari likaacha barabara, likapinduka na kuwaka.

Bodi ilikuwa na madini ya magnesiamu, mepesi sana na yanayoungua vibaya mno. Wepesi uliompa ushindi ulikuwa na bei hiyo.

Alitolewa akiwa hai. Alifariki siku iliyofuata, tarehe 19 Mei, hospitalini. Gregory alikuwa ameshinda mbio.

Wapo waliorudi kwenye swali la mkono. Ni swali la kawaida, lakini kwenye ajali ile halina pa kusimama: barabara ililowa upande mmoja, na nguzo iliachwa mahali ambapo gari likiteleza kidogo tu linaifikia. Mtu mwenye mikono miwili angeikuta nguzo pale pale.

Karakana ilivyofungwa

Brian Lister aliumia sana. Alifikiria kuacha palepale. Aliendelea, kwa sababu oda zilikuwepo na wafanyakazi walikuwepo, na mwezi Julai mwaka huo Stirling Moss akashinda Silverstone kwa Lister. Lakini gari lililojengwa kumzunguka mtu mmoja lilikuwa sasa linaendeshwa na kila mtu.

Agosti 1959 Ivor Bueb, dereva mwingine aliyewahi kuendesha Lister na rafiki wa timu, alikufa kutokana na ajali ya mbio Ufaransa. Kabla ya mwaka kuisha Brian akafunga timu na kurudi kwenye biashara ya familia. Alikuwa na miaka 33.

Aliishi muda mrefu baada ya hapo, hadi tarehe 16 Desemba 2014, akiwa na miaka 88. Mwaka huo huo kampuni iliyofufua jina la Lister ilikuwa inajenga upya Knobbly chache kuadhimisha miaka 60, kwa michoro ya zamani, bomba kwa bomba.